Jioni Dismasi Aliponadi Ilagala

Jumatano hiyo Dismasi alitumwa Ilagala kumkumbusha mzee Gahungu, mfugaji, alete mbuzi wake mnadani Jumamosi. Kazi ya dakika kumi. Lakini moyo wake ulikuwa umechafuka tangu asubuhi, maana aliyemtuma alikuwa Scola.

Miaka minane Dismasi alishika kamba za ng'ombe na kubeba kipaza sauti cha mzee Nehemia, mnadi wa mifugo na mazao nje kidogo ya Ujiji, akingoja siku mzee atakapochoka. Nyumbani alijifunza peke yake, akiwanadia kuku wa mkewe magunia ya maharage yasiyokuwepo. Mzee akachoka kweli. Kipaza sauti akampa Scola, binti wa muuza samaki aina ya migebuka wa Katonga, aliyefika mnadani juzi juzi tu.

"Wewe Dismasi unapiga kelele," mzee alimwambia mbele za watu. "Huyu anawavuta."

Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kila Jumamosi Scola aliposimama, wanunuzi wakacheka na kupandishiana bei, Dismasi naye alitabasamu. Taya zilimuuma kwa kutabasamu.

Gahungu alimpokea vizuri, akaahidi mbuzi sita. Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo Dismasi alipofika barabarani, kando ya matete ya mto Malagarasi, kusubiri pikipiki.

Pikipiki haikuja.

Upepo ukakata. Vyura wakanyamaza... wote kwa pamoja. Ikapita harufu ya tope la mtoni, na nyuma yake harufu ya nywele zilizoungua.

"Mnadi."

Aligeuka. Mwanamume mrefu amesimama nyuma yake, amevaa koti la mvua, kiangazi kile, na koti linachuruzika maji. Kofia ya koti ilimfunika uso. Mkononi alishika kamba, na kwenye kamba mbuzi mweusi asiyelia.

Dismasi akapiga makofi mawili taratibu, kama Waha wanavyomsalimu mtu mzima. Hakuitikiwa.

"Ninadie huyu."

"Wanunuzi wako wapi, mzee?"

"Wewe nadi."

Hakuna aliyewahi kumwita mnadi. Dismasi akaipokea kamba, akakohoa, akaanza kama utani: mbuzi jike, hana ugonjwa, nani ataanza?

"Elfu themanini," ilijibu sauti ndani ya matete.

"Tisini," ikasema nyingine, nzito, mbali kidogo.

Alijua anapaswa kukimbia. Lakini sauti yake jioni ile... Ilitoka imeshiba, tamu, kila neno likitua mahali pake. Hajawahi kunadi vile maishani. Matete yakapandisha, yakacheka alipotania, yakapandisha tena.

"Mara ya tatu... amechukua!"

"Sasa wa pili," alisema mwenye koti.

"Sina mwingine."

"Unaye. Umekuja naye kifuani."

Dismasi akatazama barabara. Tupu. Angeweza kunyamaza tu, na kila kitu kingeishia pale. Akamwona Scola na kipaza sauti, wanunuzi wakimpungia mikono. Kifua kikachemka.

"Scola," alinong'ona.

"Usinong'one. Nadi."

Akanadi. Alitaja umri wa Scola, afya yake, kicheko chake, sauti yake.

"Naongeza."

"Naongeza."

Bei haikutajwa hata mara moja. Ila kila sauti ilisikika karibu zaidi ya iliyotangulia. Ya mwisho ilitoka ukingoni, hatua mbili tu, na baridi ikampanda miguuni.

"Mara ya kwanza. Mara ya pili." Alisita. Mungu anajua alisita. "Mara ya tatu..."

"Amechukua!" akamalizia.

Chubwi! Kitu kizito kikatumbukia majini. Dismasi alipotazama, hakuna mtu, hakuna mbuzi. Alikuwa ameshika kamba iliyolowa, kitanzi chake hakijafunguliwa.

Jumamosi, Scola alikuwa katikati ya kunadi fahali alipokatiza neno.

"Nani ananiita?"

Akaweka kipaza sauti chini kwa utaratibu, akapita katikati ya watu, akaelekea ziwani. Walimkamata maji yakiwa kifuani. Hakupigana nao. Alitabasamu kwa adabu, kama abiria anayecheleweshwa.

Hospitali hawakuona ugonjwa. Wachungaji waliomba, wakafunga. Kila jioni miguu yake iligeukia ziwani vilevile.

Kazi akapewa Dismasi. Lakini kila alipotamka "Mara ya pili" sauti ilikatika, na wanunuzi wakanung'unika wakingoja neno lisilotoka.

Akarudi kwa Gahungu, akamweleza yote isipokuwa jina.

"Baba alitukataza kutaja jina la mtu pale kwenye matete jioni," alisema mzee. "Hakutuambia sababu."

"Na likishatajwa?"

Gahungu akasogea mlangoni. "Ulilitaja tu, au uliliuza?"

Dismasi akainamisha kichwa. Mzee akaingia ndani, akakomea mlango, na jua bado lilikuwa juu.

Ndipo akaenda Katonga kuomba msamaha. Mama Veneranda, mamake Scola, alimkaribisha kwa machozi. "Ahsante, mwanangu. Wenzake wengine wameacha kuja." Jua lilikuwa linashuka. Mama akafunga dirisha la upande wa ziwa, akachukua khanga, akaufunga nayo mkono wa binti yake pamoja na wake.

Scola alikaa mkekani, amekonda, macho maangavu.

"Dada Scola..." Dismasi alianza.

"Nilikusikia," alisema polepole. "Jumatano ile. Nilikuwa naosha vyombo hapo nje. Nilikusikia tangu kwa mbuzi."

Mama aliwatazama, hakuelewa.

"Sikujua una sauti nzuri vile," Scola aliendelea. Hakukuwa na hasira usoni mwake, hata chembe. "Mzee Nehemia angekuwepo jioni ile, kaka... kazi angekupa wewe."