Ndoo ya Kome

Bibi Rihi, jirani yao, anadai kwamba Ngahuia alirudi safarini na ndoo tupu kwa sababu aliogopa maji. "Yule mtoto wa mjini!" husema huku akianika nguo. "Wimbi likipiga chafya tu, anakimbia." Watu hucheka. Lakini mambo hayakwenda hivyo.

Jumamosi hiyo Ngahuia, msichana wa miaka kumi na miwili, aliondoka mjini Gisborne na baba yake, Wirihana, kuwatembelea rafiki zao wa pwani ya juu. Alikuwa amemwahidi mwenzake wa huko, Pania, kwamba safari hii yeye ndiye angeleta kitoweo cha kome, wale wa magamba wa miambani. Mkono mtupu haulambwi, na ndoo aliipakata tangu nyumbani.

Barabara ilipinda ikapinda tena. Huku vilima vya malisho, kule bahari ikimeta chini ya miti yenye maua mekundu. Farasi watatu walisimama katikati ya lami, hawana habari.

"Piga honi, Baba!"

"Honi ya nini? Wao wako kwao. Wageni ni sisi."

Saa sita walisimama penye ghuba ndogo. Baba alilaza kiti apumzishe macho. Ngahuia akateremka hadi ufukweni, akakuta mti umesimikwa mchangani, umefungwa kitambaa cheusi. Aliujua. Ilikuwa rahui: pwani imefungwa, hapachumwi kitu mpaka wenyewe waifungue. Lakini kome walijaa miambani, wanene. "Wachache tu," alijiambia, akapita.

"Hapakuwa na katazo?" baba aliuliza alipoiona ndoo imejaa.

"Hapakuwa na kitu, Baba."

Kwa akina Pania hawakupokewa kwa vicheko vya siku zote. Mama Hera, mama yake Pania, alikuwa na macho mekundu.

"Mmetukuta vibaya," alisema. "Juzi bahari imemchukua Matiu, kijana wa hapa kijijini. Hajaonekana bado. Tumeifunga pwani yote. Kwa heshima yake hatuli cha baharini mpaka apatikane."

Pania alimsogelea Ngahuia akamnong'oneza: "Bahati yako, ahadi ya kome imekufa. Vinginevyo ningekucheka mpaka kesho kwa kuja mikono mitupu, mwenye maneno we!"

Ngahuia hakucheka. Ndoo ilikuwa garini, imefunikwa taulo. Angeweza kuimwaga nyuma ya zizi, na hakuna ambaye angejua. Alisimama.

"Baba, nilikudanganya. Ule mti niliuona. Nimechuma kome hapo."

Baba aliinamisha kichwa. "Umeniaibisha mbele ya watu wenye msiba, mwanangu."

"Najua, Baba. Nitawarudisha mwenyewe."

"Tutakwenda sote," alisema Mama Hera, akichukua mtandio wake. "Mgeni wetu akikosea, nasi tumo."

Zile kona zote wakazirudia. Ufukweni walimkuta mwanamke mmoja amekaa peke yake juu ya jiwe, amevaa nyeusi. Alikuwa mama yake Matiu.

"Nikusaidie ndoo?" baba aliuliza.

"Hapana, Baba."

Ngahuia aliingia majini mpaka magotini. Aliwarudisha kome mmoja mmoja, akiwabana katika nyufa za mwamba ili maji yasiwachukue. Wimbi lilimwangusha, akainuka. La pili likamchubua goti. Hakutoka mpaka ndoo ikabaki tupu. Ndipo Mama Hera akasali.

Alipomaliza, Mama Hera alimshika bega. "Sikiliza, binti yangu. Ahadi ni kitu kizuri, lakini haikupi ruhusa ya kuvunja katazo wala kusema uongo. Ungetujia mikono mitupu, tungekula viazi tukashiba. Umekosea, ukasema mwenyewe, ukatengeneza mwenyewe. Basi, yamekwisha."

Baba alimfunika taulo mabegani, akamwambia gari linangoja.

Ngahuia hakwenda garini. Alipanda hadi kwenye lile jiwe, maji yakimchuruzika.

"Mama," alisema polepole, "naomba nikae nawe kidogo, tumtazamie mwanao pamoja."

Mwanamke yule hakugeuka. Aliendelea kutazama maji, lakini alisogea, akamwachia nafasi kando yake.