Zima Spika Kwanza

Mwanangu ni msusi. Anasukia barazani, mbele ya chumba chetu. Wateja wanakaa kwenye stuli, umbea unakwenda, na mikono yake muda wote inang'aa mafuta ya nywele.

Alikuwa mjamzito alipoambiwa kliniki kwamba ana virusi vya UKIMWI. Baba wa mtoto alikuwa ameshatoweka. Aliniambia mimi tu. Akaanza dawa, na kwa kuwa kliniki ni mbali, mshauri akawa anampigia simu kumtia moyo.

Siku moja alikuwa amefika nusu ya kichwa cha muuza mkaa. Simu ikalia. Mikono mafuta matupu! Akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaweka spika.

"Mdogo wangu, dawa za virusi unameza vizuri? Mtoto anacheza tumboni?"

Baraza lote likageuka kumtazama.

Muuza mkaa akainuka. "Ngoja kwanza. Mikono hiyo ndiyo ilikuwa kichwani kwangu?"

"Dada, kusuka hakuambukizi..."

"Unisuke wewe, nife mimi? Toka huko!"

Akaondoka hivyo hivyo, upande umesukwa, upande timtim. Wala hakuna aliyecheka. Hadi jioni mtaa mzima ulikuwa na habari.

Mwanangu akavunja laini ya simu. Dawa akazitupa chooni.

"Yule mshauri usinitajie, mama. Kaniua."

"Na huyo tumboni?"

Akageukia ukutani.

Wiki zikapita. Akakonda, homa ikamlaza. Namba ya mshauri nikaitoa kwenye kadi yake ya kliniki, nikampa simu yangu.

"Mpigie. Mtukane ukitaka, lakini mpigie."

Akapiga. Nilisogeza sikio karibu na lake.

"Umenivua nguo mbele za watu!" Akamwaga yote, hadi sauti ikakauka. Mshauri alimwacha amalize.

"Ni kweli, mdogo wangu. Nilipaswa kuuliza kwanza kama uko peke yako. Nisamehe. Sasa tuelewane. Nikipiga nitauliza, 'Una nafasi?' Ukiwa na watu sema, 'Nina mteja,' nami nitakata. Spika usiweke kabisa."

"Na dawa? Nimeze zote nilizoruka kwa mpigo?"

"La! Usifidie hata kidonge kimoja. Njoo kliniki kesho upimwe, tukuanzishe upya. Dawa hizo ndizo zinamkinga mtoto. Ukiziacha, virusi vinaongezeka na vinaweza kumfikia. Nani atakusindikiza?"

"Mama."

"Nipo," nikadakia.

Akaanza tena. Siku akizomewa bombani, anaingia ndani, anafunga mlango, anampigia mshauri. Zamani angelia hadi alale. Lakini wateja wengi hawajarudi mpaka leo. Muuza mkaa akituona anavuka barabara.

Akina mama wenzangu, waambieni mabinti. Simu ya ushauri ni msaada mkubwa, ila ipokelewe faragha. Na mshauri akikosea, mgombezeni yeye. Msigombane na dawa.

Mjukuu wangu alizaliwa mdogo, hajai kiganjani. Kipimo cha kwanza hakikuona virusi. Muuguzi akatuonya: bado atapimwa tena na tena, hata baada ya kuacha kunyonya. Nilitaka kupiga vigelegele, nikamtazama mwanangu, nikajizuia. Yeye hakutabasamu. Alimfunika mtoto vizuri, akamuuliza muuguzi:

"Dawa yake ya kinga nimpe saa ngapi?"