Mnong'ono wa Kanda ya Mganga

Ubishi una wenyewe, na yule mama fundi alijaliwa nao tele. Kazi yake ilikuwa kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta na kuzisafisha: mikwaruzo, mvumo, mingurumo, vyote vinafutwa, inabaki sauti. Akaletewa kanda ya mganga mmoja, marehemu, akiwasimulia wanawe hadithi. Kila neno la mzee lilitanguliwa na mnong'ono hafifu unaosema neno lile lile.

"Dada, huo mnong'ono uache," mtoto wa marehemu alimwambia. "Baba aliusia usiguswe."

"Ah, kaka, mambo ya kanda hayo! Ikikaa imeviringwa miaka mingi, sauti ya mzingo mmoja wa utepe inajichapa kwenye mzingo wa jirani. Niachie mimi."

Mahali pamoja mnong'ono ulicheka, na mzee hakucheka. Fundi akasita. Akanusa kitu kama nywele zinazoungua, akajiambia mashine imepata moto. Akaufuta mnong'ono wote, akajipongeza.

Jioni ile, akiosha vyombo, alisikia nyuma ya mlango, kwa mbali, "Mama, nina njaa." Akageuka. Hakuna mtu. Punde binti yake akaingia kutoka nje, viatu mkononi.

"Mama, nina njaa."

Mwanzoni alijicheka, eti masikio yamechoka. Lakini mwanya kati ya mnong'ono na neno lenyewe ukazidi kupanuka, hata neno lililonong'onwa asubuhi likawa linasemwa mchana, na kila mara ile harufu. Kisha siku moja, akitandika kitanda cha binti yake, kona ya chumba ikalia kwa sauti ya mtoto huyo huyo, "Mama, niachie! Mama, unaniumiza!" na yeye, ambaye hakuwahi kumpiga mwanawe huyo wa pekee hata kofi, akaitazama mikono yake kwa hofu kana kwamba si yake.

Mbio mpaka kwa mwenye kanda. Hata ndani hakukaribishwa.

"Lile ni jini, dada," yule bwana alinong'ona mlangoni. "Baba alilitengea makao kwenye kanda. Wewe umelitoa. Sasa liko kwako."

"Basi lirudishe! Nakuomba, kaka yangu, nina mtoto!"

"Aliyejua kulirudisha tumemzika." Akafunga mlango.

Fundi akaamua mtoto aondoke siku hiyo hiyo, kabla mikono haijatenda kilichosikiwa na masikio. Akampigia simu mdogo wake, naye akaja na gari, ila mtoto akagoma, akang'ang'ania geti, na mama mtu, huku analia, akambandua kidole kimoja kimoja, akamvuta mkono, akamsukumia kwenye kiti, na mtoto akapiga yowe, "Mama, niachie! Mama, unaniumiza!"

Akaganda. Kumbe ni hayo tu! Alhamdulillahi! Akambusu mtoto shavuni, nusura acheke.

"Nenda na mama mdogo, mwanangu. Nitakufuata."

Gari likakata kona. Akarudi ndani mwepesi, moyo umetulia. Harufu ya nywele zinazoungua ilikuwa imejaa sebule nzima, na kutoka kwenye kona akasikia, kwa mbali, sauti yake mwenyewe, imekauka kwa kilio: "Mwanangu jamani! Mimi mwenyewe ndiye niliyempandisha lile gari!"

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaapa kwamba maneno hayo hatayatamka kamwe.

Simu ikaanza kuita.