Gauni la Bernadetha

Hebu fumba macho kidogo, umwone fundi mmoja barazani kwake Marangu. Ni asubuhi, na ukungu bado umekaa kwenye migomba. Mbele yake kuna cherehani ya miguu. Upande mmoja kuna kikapu cha vipande vya vitambaa alivyopewa na Mama Jasoda, mwenye duka mjini Moshi. Upande wa pili, juu ya mkeka, wamelazwa wanasesere wa kitambaa waliojazwa sufi, wengine bado hawajawekwa macho. Katikati yao ameketi mtoto wa kike anayewagawia majina.

Fundi huyo ni Mektrida, mke wa kaka yangu Sirili. Kaka alikuwa mpagazi wa watalii, siku nyingi yuko mlimani. Mtoto ni Doris, binti yao wa pekee. Mwaka ule nilikuwa namfundisha darasa la kwanza. Shuleni aliniita mwalimu, lakini tukivuka lango la nyumbani tu, ualimu wangu unaishia hapo, anaanza kuniita shangazi.

Ilikuwa miaka ile mitumba ilipojaa masokoni, na mafundi wengi wakafunga cherehani zao. Mektrida alibaki na Krismasi. Desemba watu wetu wanapanda kurudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, na hakuna mzazi anayetaka mtoto wake aingie kanisani siku hiyo na nguo iliyokwisha kuvaliwa na mwingine. Kwa hiyo kuanzia Septemba kina mama walimletea kazi.

Watoto hawakuletwa. Mama ana kahawa ya kuchuma na ng'ombe wa kukatia majani, saa ngapi atamshusha mtoto kwa fundi? Walileta kamba. Unachana ukamba wa mgomba, unampima mtoto nyumbani, unapiga mafundo: fundo la bega, fundo la kiuno, fundo la goti. Fundi anasoma mafundo, anakata. Kisha anamvalisha Doris ili aone nguo inavyokaa mwilini. Hivyo Doris alitangulia kuzivaa nguo za watoto wote wa rika lake, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Ndipo akaja Mama Bernadetha.

Alikuwa mrefu, amevaa buti za mpira, kitenge begani. Alisema anakaa juu, karibu na msitu. Alitoa kitambaa cheupe na kamba fupi yenye mafundo.

"Bernadetha wangu ni mgonjwa," alisema. "Hawezi kushuka. Mjaribishie wa kwako."

"Wala usijali," Mektrida akacheka. "Huyu wangu ni mti wa kutundikia nguo za watu. Siku moja ataota majani."

Mama yule hakucheka. Alimtazama Doris kama tunavyotazama kitambaa dukani. Akanyoosha mkono, akamshika bega, akalipapasa kwa vidole viwili kuona uzito wake.

Gauni la kwanza lilikuwa dogo. Doris alijibana kuingia. Mama Bernadetha alilichukua, akashukuru, akapanda. Baada ya wiki chache akarudi na kamba nyingine. Mafundo yalikuwa yameachana zaidi.

"Amekua," alisema.

"Mgonjwa gani huyo anayekua hivi?" Mektrida alimtania. "Nipe na mimi hiyo dawa."

"Utampa wewe," alijibu. Mektrida alidhani anasifiwa kazi yake.

Safari hii gauni lilimtosha Doris sawasawa. Lakini lilipokuwa mwilini, mtoto alianza kujinyonganyonga.

"Mama, linanibana."

"Linakubana wapi? Simama wima."

"Ndani. Kuna mwingine ndani."

Mektrida alimkemea kidogo, kama mama yeyote mwenye kazi nyingi angefanya, akaendelea kubandika pini.

Mimi nilianza kuona mambo darasani. Mwalimu wa watoto wadogo anajua miguu ya wanafunzi wake. Mwanzoni mwa mwaka, miguu ya Doris iligusa sakafu akiwa amekaa kwenye benchi. Mwezi Novemba iligusa kwa ncha za vidole. Nilijiambia labda benchi limebadilishwa. Kisha nikaona sketi yake ya shule, iliyokuwa ikiishia magotini, sasa inafunika nusu ya miundi. Nilimwambia mama yake.

"Wifi, kitambaa cha siku hizi kinalegea," alisema. "Kikifuliwa mara mbili kinakuwa pazia."

"Na viatu je? Navyo vimelegea?"

Asubuhi ile alikuwa amejaza karatasi kwenye viatu vya mtoto.

Tulimpeleka zahanati. Wakampima damu, wakampa vidonge vya minyoo. Alikula vizuri. Hakuwa na homa. Alikuwa tu anapungua.

Mapema Desemba Mama Bernadetha alileta kamba ya tatu, ndefu, na kitambaa cha gauni la Krismasi. Mektrida aliponisimulia, jambo lililonigusa mimi lilikuwa la kazi yangu tu: mtoto wa rika la Doris, anayekua vizuri, mbona hayupo shuleni? Hata kama bado ni mgonjwa, aandikishwe mwakani. Jumamosi iliyofuata nikashika njia.

Nilipanda nikifuata mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka msituni. Mzee Melkior alikuwa ndani yake akizoa majani yaliyoziba maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Wapi mbio hivyo?"

"Kwa Mama Bernadetha. Nakwenda kumwandikisha mtoto."

Aliweka jembe chini. "Mtoto yupi?"

"Bernadetha."

"Mwalimu," alisema taratibu, "Bernadetha nilimchimbia kaburi mimi mwenyewe."

Nilidhani amechanganya watoto, maana umri wake ulikuwa umekwenda. Nikamuaga. Nilipogeuka nyuma, alikuwa bado ananiangalia, na maji yalikuwa yakipita juu ya miguu yake.

Nyumba ilikuwa safi, ua umefagiwa. Pembeni, chini ya migomba, palikuwa na kaburi fupi lililozungushiwa mimea ya masale. Udongo wake ulikuwa laini. Ulikuwa mbichi.

"Karibu, mwalimu," alisema Mama Bernadetha mlangoni, kabla sijapiga hodi.

Ndani, kwenye kamba ya nguo, yalitundikwa magauni mawili meupe. Niliyatambua, pindo za Mektrida nazijua. Lile dogo lilikuwa limechakaa viwiko. Lile kubwa lilikuwa na tope pindoni na alama ya jasho kolani. Yalikuwa yamevaliwa. Yalikuwa yamechezewa.

"Nimekuja kumwona Bernadetha," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo.

"Amelala. Alicheza mno." Alitabasamu kama mzazi yeyote anavyotabasamu. "Mwakani utampata, mwalimu. Mguu mmoja tu haujapata nguvu. Gauni hili la Krismasi likiisha atasimama, atatembea mpaka kanisani. Nashuka leo kulichukua. Mama Doris akishasema tayari, basi. Limekuwa letu."

"Na kilichomo ndani?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Aliutazama mlango wa chumba.

Nyuma ya mlango ule mtoto alikohoa. Kisha akaita, kwa sauti ninayoisikia kila siku:

"Shangazi."

Mimi sina mtoto mwingine anayeniita hivyo.

Nilikimbia. Niliteleza kwenye mfongo, nikainuka, nikakimbia tena. Ukungu ulikuwa unashuka pamoja nami. Nilipofika, Doris alikuwa amesimama juu ya kigoda sebuleni, amevaa lile gauni. Lilimpwaya. Mikono ilipita vidole vyake. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakunifuata nilipoingia. Mektrida alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni.

"Mvue," nilisema.

"Wifi, una nini? Nimebakiza pindo tu."

"Mektrida. Mvue sasa hivi."

Aliuona uso wangu. Akatema pini. Akafungua vifungo, akalivuta gauni juu.

Halikutoka.

Gauni pana vile, juu ya mtoto mwembamba vile, halikupanda hata kidogo. Lilikuwa kama limeshikwa chini.

Nilifunga mlango kwa komeo. "Lifumue," nilimnong'oneza. "Hapohapo mwilini. Mshono kwa mshono."

Fundi ana wembe wa kufumulia. Mektrida aliushika, na mkono wake ukatulia. Alianza na mkono wa kulia. Uzi ulikatika kwa mlio, kama uzi uliovutwa sana. Doris akashusha pumzi. Mkono wa gauni ukaanguka sakafuni.

Nje, buti za mpira zilisimama barazani.

"Hodi."

Mektrida akasimamisha wembe.

"Hodi, Mama Doris. Nguo tayari?"

Mektrida alifungua mdomo. Maisha yake yote hajawahi kumwacha mgeni mlangoni bila kumkaribisha, na mteja hajawahi kumwacha bila jibu. Nilimziba mdomo kwa kiganja changu.

"Usimjibu," nilimwambia sikioni. "Neno lolote. Usimjibu."

Akafumua mkono wa kushoto. Akafumua kola. Wembe ulipita karibu na shingo ya mwanawe, naye hakupepesa.

"Mama Doris. Nipo. Nimekuja na mwenyewe."

Kitasa kilizunguka. Kilizunguka taratibu, chini kabisa, kama kinachoshikwa na mkono usiokifikia vizuri.

"Mama," Doris alinong'ona. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu niingie. "Ananivuta."

"Nani, mwanangu?"

"Mwenye gauni."

Ulibaki ubavu. Uzi ule haukukatika. Mektrida alikata, ukakaza. Alikata tena. Machozi yalimdondoka juu ya wembe, lakini hakuharakisha. Alikata kama anavyokata siku zote, tundu kwa tundu, tundu kwa tundu.

"Tayari?" sauti iliuliza. Safari hii haikuwa ya mama.

Uzi ukakatika.

Gauni liliporomoka lote kwa mara moja. Doris alianguka mikononi mwa mama yake, akalia. Alilia kwa nguvu, kilio cha mtoto mzima mwenye njaa na hasira, na mpaka leo sijasikia wimbo mzuri kuliko ule.

Barazani tulimsikia Mama Bernadetha akisema na mtu, kwa upole sana: "Twende, mama. Bado." Buti zikashuka ngazi. Nyuma yake kulifuata hatua nyingine, nyepesi, mguu mmoja ukiburutwa. Zikapotelea juu, migombani.

Mama Bernadetha hakuonekana tena kijijini. Kaka Sirili aliporudi kutoka mlimani alikwenda na Mzee Melkior. Walikuta nyumba imefungwa na ua umefagiwa. Doris alianza kunenepa kabla ya Krismasi, na Pasaka miguu yake ilikuwa imetulia sakafuni. Leo ni mama wa watoto wake mwenyewe. Mektrida naye bado anashona, ila mtoto asiyekuja mwenyewe, hamshonei.

Kuna jambo moja ambalo hatujapata wa kutueleza. Jioni ile tuliweka vipande vya gauni kwenye beseni, tukalifunika, tukaliacha jikoni tuvichome asubuhi. Sote tulilala chumba kimoja, mlango umekomewa. Asubuhi nilifunua mimi. Mkono mmoja ulikuwa umerudishwa begani. Umeshonwa kwa sindano ya mkono. Mishono ilikuwa mikubwa na iliyopinda, mmoja huku, mwingine kule. Nimefundisha watoto kushona miaka mingi, na mshono wa mtoto anayejifunza siwezi kuukosea. Mwisho wa uzi haukukatwa kwa wembe. Ulikatwa kwa meno. Nilipougusa, ulikuwa bado umelowa mate.

Tulivichoma vyote. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, sikuombi uogope, wala usimshuku jirani yako. Nakuomba ukumbuke jambo moja dogo tu. Mtoto akikwambia nguo inambana, na wewe unaona kwa macho yako kwamba inampwaya, usimkemee asimame wima. Mvue kwanza. Halafu ndipo umuulize.