Swali Mbele ya Tanuri Baridi

Tanuri letu hupoa mara moja tu kwa mwaka. Siku nyingine zote lina moto. Kaka yangu huliwasha alfajiri, mama hukanda unga, nami huwauzia watu mikate dirishani. Mwaka ukikaribia kwisha, tunaliacha lipoe. Tunatoa majivu, tunaziba nyufa kwa udongo, kisha tunakaa palepale mbele ya mdomo wake na kuuzungumzia mwaka.

Baba ndiye aliyeanzisha jambo hili. Kila mtu huuliza swali moja kuhusu mwaka unaokwisha, na ni marufuku kununa. "Tukijua kilichotokea na kwa nini," alikuwa akisema, "mwakani hatutaungua mkono palepale."

Safari hii baba hakuwepo. Alianguka asubuhi moja katikati ya mwaka, koleo likiwa mkononi. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea. Tulimkimbiza hospitali. Hakurudi.

Kaka alianza. "Mbona mwaka huu mikate yetu imeungua chini kuliko miaka yote?"

"Kwa sababu mwokaji ni wewe," mama akamjibu.

Tulicheka. Tangu msiba, hatukuwa tumecheka pamoja hivyo. Kisha zamu yangu ikafika.

"Mama, baba alikufa kwa sababu gani?"

Mama aliendelea kulainisha udongo kwa kiganja. "Siku zake zilifika, mwanangu."

"Najua, mama. Lakini jana yake alikuwa anabeba magunia ya unga na kuimba. Mtu mzima vile anaangukaje?"

Wakati huo nesi, jirani yetu, akachungulia dirishani. "Hodi! Leo hakuna mkate?"

"Leo tunaoka maswali," kaka akasema. "Karibu ndani, hili limetushinda."

Nesi aliingia, akamwamkia mama, akakaa juu ya gunia. Nikarudia swali langu. Akamtazama mama.

"Mzee alikuwa na presha, sivyo?"

"Ndiyo," mama akasema. "Walimpa dawa. Kichwa kikimuuma anameza, kikiacha anaziweka. Alisema dawa si peremende."

"Wengi hufanya hivyo, mama. Wanadhani presha ni kama mafua, ikija utaisikia. Lakini inaweza kuwa juu miaka mingi na mtu asisikie chochote. Inachosha mishipa ya damu. Mshipa wa kichwani ukiziba au ukipasuka, hicho ndicho kiharusi."

"Kwa hiyo huwezi kujijua?" nikauliza.

Nesi alimgeukia mama. "Ukisimama hapa nje ukalitazama tanuri, utajua joto lake limefika wapi?"

"Kwa macho tu? Thubutu! Narusha unga kidogo ndani, nautazama unavyobadilika rangi."

"Basi presha nayo haijulikani kwa kujisikilizia. Ni kupimwa. Na dawa yake ni ya kila siku, uumwe usiumwe, mpaka daktari aseme vingine."

Kaka aliinua kichwa polepole. "Mama, na wewe si walikupa dawa hizo?"

Mama akasimama, akachukua ufagio. "Mimi sijambo. Kichwa hakiniumi."

Ufagio ukasimama mkononi mwake. Sote tulikuwa tumeisikia sauti ya baba katika maneno yale.

"Unazimeza, mama?" nikauliza.

"Nilimeza za mwanzo. Nilipojiona mzima nikaacha." Alikaa tena, taratibu. "Nesi, nimechelewa?"

"Hujachelewa. Ila usizianze upya kwa kukisia. Kesho twende kliniki."

Tulikwenda. Presha ilikuwa juu sana. Daktari alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi na arudi kupimwa kila mwezi. Chumvi ndiyo iliyokuwa vita. Mama alikuwa akiinyunyiza kwenye chakula kabla hata ya kuonja. Kaka alikiondoa kikopo mezani, na kwa wiki nzima mama akamwita mwizi. Dawa alizimeza kila asubuhi, trei ya kwanza ikishaingia tanurini, na mimi nikimpa maji.

Miezi ikapita. Presha ilishuka kidogo kidogo, kisha ikatulia.

"Sasa naweza kuacha?" mama alimuuliza daktari.

"Imetulia kwa sababu unazimeza," daktari akamjibu.

"Nilijua utasema hivyo. Nilitaka tu kusikia."

Siku hiyo, tulipokuwa tukitoka, tulipita kwenye benchi la wanaosubiri. Fundi seremala wa mtaani kwetu alikuwa amekaa hapo, vumbi la mbao likiwa bado nyweleni.

"Na wewe una presha, mwanangu?" mama akamuuliza.

"Nilikuwa nayo, mama. Ilishapona. Leo nimemsindikiza mke wangu tu."

Mama aliweka kikapu chini. "Ilipona lini?"

"Aa, zamani. Najisikia vizuri kabisa."

"Nani alikupima?"

Fundi alicheka. Akamtazama mama, akanitazama mimi, tena mama. Kicheko kikaisha. Mkewe, aliyekaa kando yake, akasogea pembeni kumpa nafasi kwenye foleni.

Fundi akaanza kukunja mkono wa shati.