Mchicha Usio na Tundu

Kila asubuhi kabla ya shule, kazi yangu ilikuwa kuwatoa viwavi kwenye mchicha. Bustani yetu iko nyuma ya jiko: mabeseni mabovu sita ya mchicha, magunia mawili ya nyanya, mpapai mmoja, na mrehani ambao babu hataki uguswe ovyo. Mimea yote aliipanda yeye alipoacha uashi. Halafu akaugua, akalazwa wiki mbili, na daktari akamwambia ale mboga za majani kila siku. Aliporudi nyumbani akaniita kitandani kwake.

"Chapchap," akasema, maana hivyo ndivyo ninavyoitwa nyumbani, "mchumba wangu, bustani nakukabidhi wewe. Geuza kila jani, mtoe kiwavi, mtie kwenye kopo la maji ya sabuni. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

Kusikia nilisikia, lakini wee! Wale viwavi wa kijani, laini, wanavyojikunja! Nilikuwa nawaonea kinyaa mpaka mwili unanisisimka. Siku ya kwanza nilitoa wawili. Siku ya pili nilipita tu na kopo mkononi. Na kila mama alipouliza kutoka kwenye cherehani yake, "Umewatoa?" nilijibu, "Nimewatoa, mama," huku nikifunga kamba za viatu.

Jumamosi babu akasema amepata nguvu, akimaliza chai atatoka kuiona bustani yake. Nikakimbia nyuma ya jiko. Mama yangu! Mchicha ulikuwa umetobolewa kama chujio. Ningemwambia nini? Hapo nikaliona kopo la dawa ya mende kwenye rafu karibu na mlango. Nikawaza, dawa inayoua mende itashindwa na kiwavi? Nikapulizia mabeseni yote sita. Viwavi wakadondoka. Nikang'oa majani yenye matundu, nikanyunyiza maji ili harufu iishe.

Babu akaja na mkongojo wake, polepole. Akainama, akageuza jani la kwanza, la pili, la tatu.

"Hakuna hata mmoja! Umewatoaje?"

"Kwa mkono, babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mama Chapchap, njoo uone! Leo tunakula mboga ya mchumba wangu." Akachuma mwenyewe, bakuli likajaa.

Nikamfuata mama jikoni. "Mama, kwa nini tusipike maharage?"

"Si tumekula jana? Hebu nipishe." Akauosha mchicha mara tatu, akaubandika. Nikajidanganya kwamba moto utaimaliza dawa.

Mezani babu alichukua upawa mwenyewe. "Mwenye kazi ndiye aanze," akanipakulia, kisha akajipakulia. Nikaitazama sahani. Nilitaka kusema tumbo linaniuma. Lakini hapo ningejiokoa mimi tu, na yeye angekula. Kijiko chake kikaanza kupanda kuelekea mdomoni.

"Babu, usile!" Nikakipiga kijiko, kikaanguka sakafuni. "Nimepulizia dawa ya mende!"

Mama alizikusanya sahani kwanza. Kisha akanigeukia. "Ulitaka kutuua? Mgonjwa huyu, ulitaka kumuua?" Nililia kwa sauti, nikasema yote, tangu ile asubuhi niliyopita na kopo tupu.

Tulikula mayai. Jioni tuling'oa mchicha wote, tukaufukia mbali pamoja na udongo wake. Maneno ya mama yalikuwa makali, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba babu hakuniita mchumba hata mara moja siku ile.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda, ana mbegu mpya mapajani. "Mchumba, njoo," akasema. Machozi yakanilengalenga. Akamtoa kiwavi kwenye mnyanya, akaniwekea kiganjani.

"Amekung'ata?"

"Hapana. Ananitekenya tu."

"Haya. Kopo hilo hapo, tuanze."

Baada ya wiki tano mama akapika mchicha mpya. Safari hii majani yalikuwa na matundu, mawili hapa, matatu pale, maana wapo viwavi walionipita. Babu akaliinua jani moja kwa kijiko.

"Tazama. Tundu hili halitaniumiza," akasema. "Kiwavi ameonja, nami nakula. Lile jani zuri la siku ile ndilo lingeniua. Dawa ya mende haiwekwi kwenye chakula, hata kidogo. Na kazi ikikushinda, niambie imekushinda, nitakusaidia. Ukinidanganya, nitakusaidiaje? Ila ulisema kabla sijala, na hilo sitalisahau."

"Sitarudia, babu."

"Najua." Akanipakulia mimi kwanza. "Mwenye kazi ndiye aanze."

Nikajaza kijiko, nikala, nikaongeza, mpaka babu akauliza kama na yeye atabakiziwa.