Kisima cha Absalom na Chupa za Nguma

Kila asubuhi wanawake wa Mtongwe walikuja na madebe yao nyumbani kwa Absalom. Walifuata kisima chake, kwa kuwa kilikuwa na maji baridi. Watu wa pwani wakisema maji baridi, maana yao ni maji yasiyo na chumvi, hata kama yamepigwa na jua mchana kutwa.

Absalom alikuwa mtu wa Kitui. Alifanya kazi ya kupakua mizigo bandarini Kilindini. Kisima alikichimba mwenyewe kwa sururu, Jumapili baada ya kanisa. Majirani walimtania, "Absalom, hiki kisima umekioa?" Yeye alicheka. Lakini mtu akimtazama mkewe Sidi, Absalom hakucheka hata kidogo.

Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha, na mwaka ule akafika Nguma.

Nguma alikuwa mtaalamu wa maji ya bahari. Alizaliwa Rabai, kijiji kimoja na Sidi. Alianza kwa kumwoshea chupa mtafiti mmoja Mzungu. Aliuliza maswali mengi mpaka akapelekwa kusoma Makerere. Sasa alikuwa na utafiti wake mwenyewe. Alipima chumvi na vitu vingine vilivyomo ndani ya maji ya bahari. Maji yalipokupwa, aliona mahali fulani ufukweni ambapo maji hayakuwa na chumvi nyingi. Alitaka kujua yanatoka wapi. Aliamini yanapita chini ya ardhi, kutoka upande wa nyumba za watu. Kwa hiyo alihitaji kupima visima.

Shida ilikuwa moja. Zamani wazee wa kina Nguma walikwenda kumposa Sidi. Nguma akaenda masomoni, posa ikafa. Absalom aliijua habari hiyo, na afadhali asingeijua.

"Hodi wenyewe!" Nguma aliita siku ya kwanza, mfuko wa chupa begani.

"Karibu," alisema Absalom.

"Shemeji, hujambo?"

"Shemeji wa wapi?"

Sidi akacheka. Akamletea mgeni kiti na kata ya maji ya kisima. Nguma akaonja.

"Yameanza kuingia chumvi," alisema. "Watu wanachota sana. Nakuomba, usichimbe zaidi. Ukienda chini utakutana na bahari."

"Kwetu Kitui mto ukikauka tunachimba mchanga," alisema Absalom. "Maji yakipungua, tunachimba tena. Hatukufundishwa na mtu wa chupa."

"Kitui hakuna bahari chini ya mchanga."

"Kwaheri, bwana."

Nguma alipoondoka, Sidi alikasirika. "Baba Nzai, mgeni hafukuzwi hivyo."

"Na wewe, kicheko kile ulikificha wapi siku zote?"

Absalom alikula chakula chake kwa uchungu. Aliona wivu, na wivu ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini, akaona chupa ya kioo nyuma ya chungu jikoni. Ilijaa maji. Kizibo chake kilifungwa kwa uzi.

"Nini hiki?"

"Maji ya kisima," alisema Sidi. "Nguma aliniomba nimwekee ayapime. Nilitaka kukuambia."

"Leo umwekee maji. Kesho umwekee nini?"

Absalom aliwahi kusikia kwamba waganga hufunga mapenzi ndani ya chupa. Alikuwa Mkristo na hakuyaamini mambo hayo. Siku ile aliyaamini. Akaimwaga chupa uani, akachukua sururu na kamba.

"Usichimbe, Baba Nzai! Tumeambiwa tusichimbe!"

"Tumeambiwa na nani?"

"Na Nguma."

Lo! Angetaja jina lolote lingine. Absalom akashuka kisimani, na kila alipopiga sururu alimpiga Nguma. Alichimba siku ile, akachimba tena Jumapili. Maji yakapanda, mengi kuliko zamani.

"Mwambieni yule wa chupa aje aone!" alipiga kelele kutoka chini.

Hasira hasara. Wiki haikuisha kabla ya chai kuwa na ladha ya chumvi. Sabuni haikutoa povu. Mtoto wao mdogo, Nzai, alionja uji akautema. Jirani yao Milcah alikuja mara moja tu.

"Bwana Absalom, maji yako mazuri," alisema. "Nimepika mchuzi bila kununua chumvi."

Baada ya hapo madebe hayakuja tena. Sidi alianza kwenda mbali kutafuta maji, mtoto mgongoni na debe kichwani. Jioni moja aliliweka debe chini, akakaa.

"Kisima hiki kikifa, mimi nitarudi Rabai na mtoto," alisema. "Siwezi kumlea bila maji."

Rabai! Kwa kina Nguma! Absalom alitaka kufoka. Lakini alilitazama lile debe, akamtazama mkewe akijikanda shingo, akaona haya. Kesho yake aliteremka ufukweni. Alimkuta Nguma amekunja suruali, anajaza chupa.

"Njoo uone kisima," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida.

Nguma alikuja na bilauri tatu na kichupa kidogo cha dawa. Bilauri moja aliitia maji ya mvua, nyingine ya bahari, nyingine ya kisima.

"Dawa hii imetengenezwa kwa madini ya fedha," alisema. "Ikikutana na chumvi, maji hugeuka meupe."

Akadondosha. Maji ya mvua yalibaki safi. Ya bahari yakawa meupe kama tui la nazi. Ya kisima nayo yakawa meupe.

"Maji ya mvua ni mepesi, ya bahari ni mazito," alieleza Nguma. "Chini ya ardhi ya pwani, ya mvua hukaa juu, ya bahari hukaa chini yake. Ukichimba sana, au ukichota sana, ya bahari hupanda."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulisikia jina langu, maneno hukuyasikia."

Absalom akamgeukia mkewe. "Mama Nzai, ile chupa nilidhani..."

"Najua ulichodhani," alisema Sidi. "Nimechoka, Baba Nzai. Nikicheka naogopa, nikinyamaza naulizwa."

"Nisamehe."

"Kwanza rudisha maji."

Absalom akafukia sehemu ya chini ya kisima kwa mawe na mchanga safi, mpaka kikarudi kwenye kina chake cha zamani. Majirani walikubaliana kuchota kidogo asubuhi na kidogo jioni. Milcah na wengine wakachimba visima vifupi mbali na ufukwe, ili kisima kimoja kisibebe mtaa mzima. Sidi akaweka pipa kukinga maji ya mvua. Masika yalipopita, chai ikawa chai tena, na madebe yakarudi.

Nguma aliendelea kuja kupima, na Absalom mwenyewe ndiye aliyemchotea.

"Utafiti wako utaisha lini?" alimwuliza siku moja.

"Wa bahari? Nitazeeka kabla haujaisha."

Absalom akafikiri sana. Kisha akampa chupa.

"Basi uwe unakuja," alisema. "Lakini uje Jumapili, nikiwa nyumbani."